Mvi Kaenda Newala

Mkomaindo, Masasi
9 Machi 2024

Dada Rahima,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji Awadhi, na Yunusi? Naamini ananenepa, maana watoto wa Newala hunenepa hata kwa ukungu. Sisi huku wazima. Nikisema sisi ni mimi na kuku. Mvua ipo, mahindi ya jirani yetu Mama Optatus yamebeba mpaka yanainama, ya kwetu yameliwa na mbuzi wa huyohuyo Mama Optatus. Nimemfuata, kacheka, ati, "Mbuzi anajua shamba lisilo na mwenyewe." Nimemwelewa. Alikuwa anamsema Bibi, kwamba kahama kaniacha.

Najua unashangaa barua. Hata Abdulkadiri, konda wa basi la Kosta, kashangaa. Kaigeuzageuza, kasema, "Nyie watoto mmeishiwa bando mpaka mmerudi kwenye kalamu?" Nikamwambia peleka tu. Sasa nifanyeje, si umeniblok? Nikikupigia inakata, nikituma meseji ni tiki moja mpaka kesho. Nikimpigia shemeji, yuko shambani. Giza limeingia, yuko shambani! Shamba gani hilo linapaliliwa kwa tochi?

Kama ni ile stetasi, niliandika tu, "Wengine wanavuna wasichopalilia." Sikutaja jina la mtu. Uliyejiona ni wewe.

Haya, nije kwenye neno. Bibi alikuja kwako kulea uzazi, arobaini. Arobaini ya Yunusi imekwisha tangu Januari. Lakini Bibi tumwache, mtu mzima anakaa anapotaka, mimi siulizi Bibi. Nauliza Mvi.

Nani alimpa ruhusa ya kuondoka? Mimi nilirudi kutoka sokoni nikakuta shimo. Shimo, dada! Mama Optatus anasema walikuja watu na pikapu, wamemchimbua na udongo wake, wakamviringisha kanga za Bibi kama maiti, huyoo, Newala. Kaktasi niliyekua naye! Babu alipopewa na yule Mzungu wa visima alikuwa kama kidole gumba ndani ya kopo la maziwa. Babu kafa, Mvi kabaki, sasa ananipita urefu, mwili wote nywele nyeupe, na wadogo zake wawili wamechomoza ubavuni, ukiwatazama watatu unadhani wazee wako kwenye kikao. Nani alikuwa anamtoa buibui? Nani alikaa Yutubu mpaka akajua kwao ni milimani Bolivia, kwenye vichaka vikavu na mawe? Wewe ulikuja likizo tu ukapiga naye picha.

Sikuombi umrudishe. Naomba kipande. Nina meza yangu ya maua hapa njiani, kila mtu ananiuliza yule mweupe yuko wapi. Nikatie mmoja wa wale wadogo, basi.

Shimo bado lipo. Sijalifukia.

Mdogo wako,
Somoe


Newala
2 Aprili 2024

Mdogo wangu Somoe,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikiwa imekunjwa mara nane na inanuka dizeli. Sisi wazima. Yunusi anacheka sasa, na ameanza kushika vitu. Awadhi anapalilia mbaazi, na ndiyo, shambani huwa yuko kweli, ukipiga usiku ujue kalala. Maji ya bomba yanakuja na kukata kama kawaida ya huku kwetu juu. Na mimi siku hizi naitwa Mama Yunusi. Hata wazee wananiita hivyo. Wewe tu ndiye bado Dada Rahima, Dada Rahima, kama tunacheza rede.

Kuhusu Mvi, hukuandika yote. Mbona hukuandika kwamba Bibi alikukuta na kisu? Ulikuwa umemwekea alama za chaki mwili mzima, hapa nikate, hapa nikate, uuze mezani kwako. Bibi mwenyewe kanisimulia. Ndiyo maana kasema, "Nikimwacha huyu nitakuta ameuzwa vipande kama samaki nchanga wa sokoni." Kwa hiyo mwizi usimtafute Newala.

Mvi yuko mbele ya nyumba yangu, anaonekana toka barabarani. Watu wanasimama. Juzi mwalimu mmoja kashuka kwenye pikipiki kumpiga picha. Nammwagilia mwenyewe asubuhi na jioni, hata maji yakiwa ya kununua. Bibi anakaa naye kutwa. Anampapasa zile nywele huku anaongea naye, juzi mwiba ukamwingia kidoleni nikautoa kwa sindano. Hajalia, kacheka. Tunaishi vizuri. Juzi Bibi mboga kaitia chumvi mara mbili, tukala hivyohivyo na maji pembeni.

Kipande hapana. Bibi hataki akatwe.

Dada yako,
Mama Yunusi


Mkomaindo
14 Aprili 2024

Dada Rahima,

Shikamoo. Mpe Yunusi busu la shavu la kushoto, la kulia niachie mwenyewe.

ASUBUHI NA JIONI? Dada, unamwagilia kaktasi asubuhi na jioni? Kwao mvua ni habari ya kusimuliana! Utamwozesha. Mwache. Tia kidole kwenye udongo, ukiwa mkavu mpaka chini ndipo umpe kidogo, na ukiingia ule ukungu wa Juni usimpe hata tone. Naandika haya kwa ajili ya Mvi, siyo yako.

Habari ya chaki ni kweli, lakini ilikuwa chaki! Kisu nilishika tu. Mtu akishika kisu amekata? Na fikiri, tungekuwa na Mvi ishirini badala ya mmoja. Bibi haelewi biashara.

Halafu mbona Bibi hajasema neno? Barua nzima ni wewe unamsemea. Bibi ninayemjua mimi, kalamu ikishikwa tu nyumbani anakaa pembeni, "Andika na hili, andika na hili." Aliwahi kumwandikisha fundi cherehani salamu kwenye risiti. Safari hii hata "Somoe hujambo" hakuna. Kanikasirikia? Mwambie chaki nimeitupa.

Mimi sina neno. Nalala kitanda chake, kikubwa, nalala katikati. Jioni napika wali kidogo na bado unabaki. Kuku wa kijivu kaatamia ndani ya kapu lake la kanga nikamwacha, maana kapu lenyewe halina mtu wa kulitumia.

Ungenialika ningekuja kumwona Yunusi. Hujanialika.

Somoe


Newala
16 Juni 2024

Somoe,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Yunusi alishikwa na kifua, baridi ya mwaka huu si ya kusimulia, asubuhi humwoni jirani kwa ukungu. Sasa mzima. Awadhi anapuliza dawa mikorosho, anarudi mweupe usoni kama Mvi.

Bibi hajakasirika. Anakusalimu. Hana maneno mengi siku hizi, ni baridi tu.

Kwa kuwa umenililia sana, nimekukatia. Nimechukua kichwa cha yule mdogo wa kushoto, urefu wa mkono wa Yunusi na zaidi. Nimefanya uungwana, usiseme sikufanya. Nimekilowesha, nimekifunga kwenye gunia bichi, nikafunga tena na majani ya mgomba juu, vilevile tunavyofunga mbegu ya muhogo isikauke njiani. Ukikipata kichimbie mara moja, ukilaze kidogo, kitoe macho.

Usimwambie Bibi.

Mama Yunusi


Mkomaindo
27 Juni 2024

Rahima,

Umemuua.

Kosta iliharibika kule mlimani, Abdulkadiri kaweka mzigo wako chini ya kiti mpaka ilipotengenezwa. Kaniletea leo, anaushika kwa vidole viwili, kageuza uso. "Dada, nani kakutumia papai bovu?" Nimefungua gunia mbele ya wateja wangu. Kichwa cha Mvi kimekuwa uji. Nywele zimenatana kwenye gunia kama za mtu. Mama Optatus alikuwepo, kashika pua, kasema, "Ndiyo zawadi ya ndugu hiyo?"

Kaktasi si muhogo! Ukimkata unamwacha kivulini, mkavu, kidonda kijifunge chenyewe, wiki, wiki mbili, hata mwezi, ndipo umpande. Kwa kiu hafi. Kinachomuua ni kuhurumiwa. Hata mtoto mdogo anayeangalia Yutubu anajua. Na wewe unajua, maana nilikwambia habari ya maji kwenye barua. Umefanya makusudi. Ulitaka niseme nimepewa, na nisiwe na kitu mkononi. Umepata mume, umepata nyumba ya bati barabarani, umepata mtoto, umemchukua Bibi, umemchukua Mvi, kilichobaki kwangu ni shimo na kuku, na bado umeona ni kingi.

Na jambo moja bado linanikera. Bibi aliyekuwa anayajua majani ya mchicha wake moja moja, ukichuma bila ruhusa anakufuata na fimbo, hajaona kwamba Mvi mdogo hana kichwa?

Somoe


Newala
11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Nimeitafuta mbele na nyuma. Kwa hiyo marahaba siandiki, sina cha kuitikia.

Mimi nilifunga kama alivyonifundisha mama yangu kule kwetu Lukuledi kufunga mbegu. Mbegu zangu huota. Ukisema makusudi, Mungu anajua.

Nilikuwa sitaki kukuandikia tena, ila ipo habari, na si vizuri uisikie kwa Abdulkadiri. Mvi ametoa ua.

Ndiyo. Mvi aliyekaa kwenu Masasi miaka yote bila kutoa hata kipele, kafika kwangu, mwaka haujaisha, ametoa ua. Jeupe pee, kubwa kama sahani ya pilau, limefunguka usiku na kunukia mpaka chumbani, asubuhi likafunga. Majirani wote walikuja. Bibi alilitazama sana, akalisifu, akasema alhamdulillahi, halijapata kuwepo ua zuri namna ile. Alikuwa ameshika mkono wangu mimi.

Kwa hiyo huyo unayemwita haelewi kumwagilia ndiye aliyepewa ua. Picha haikupatikana, simu ilikuwa haina chaji.

Yunusi ametoa jino.

Mama Yunusi


Mkomaindo
13 Agosti 2024

Dada Rahima,

Shikamoo. Na ile ya mwezi wa sita pia, shikamoo, ziwe mbili.

Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza niliitupa. Kweli, nilitoka nje nikakaa kwenye shimo la Mvi, miguu ndani, nikalia wivu mpaka kuku wakaja kunitazama. Ua! Maisha yangu yote namngoja, kaenda kutoa kwako! Nikawaza nije Newala nimng'oe kwa meno.

Halafu nikaiokota nikaisoma tena.

Dada, aina ya Mvi haitoi ua jeupe. Hawa wenye nywele maua yao ni mekundu, membamba, yanatoka ubavuni kama pilipili, mchana, na hayafunguki kama sahani. Lile jeupe la usiku ni la kaktasi mwingine kabisa, na video yake nimeiona mimi pia, ina watu milioni wameitazama.

Ningekucheka. Nilishaanza kukucheka, nimekaa humohumo shimoni. Lakini nikamkumbuka Bibi. Yule Mzungu alimwambia Babu, akizeeka atatoa mekundu, na Babu kamwambia Bibi, na Bibi kaniimbia mimi habari hiyo kila mara nikikataa kulala. Mekundu, mekundu. Sasa Bibi atazame ua jeupe kama sahani, asiulize mekundu yako wapi, asifu?

Mwiba kidoleni. Chumvi mara mbili. Mvi mdogo kukatwa kichwa asijue. Anampapasa kutwa.

Bibi haoni. Tangu lini?

Nijibu hilo tu. Uongo wa ua nimeusamehe, sitaki hata kuuzungumza. Tangazo liko ukutani hapa Mkomaindo hospitali, madaktari wa macho wanakuja katikati ya Septemba, wanatoa mtoto wa jicho. Mlete.

Somoe


Mkomaindo
30 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Abdulkadiri anasema barua kakukabidhi mkononi na ukaisoma umesimama. Hujajibu.

Mlete. Au niambie nije nimchukue.

S.


Newala
6 Septemba 2024

Somoe,

Marahaba, mbili.

"Nije nimchukue." Umeona? Ndilo neno nililokuwa naliogopa, na umeliandika mwenyewe.

Jicho la kulia lilianza huko kwenu, alikuwa anakuficha. La kushoto limefuata mwezi wa pili. Anaona mwanga, anaona mtu kama nguzo, basi. Alisema, "Asijue Somoe, atafunga biashara yake aje anishike mkono." Mimi nikaona, sawa. Siku ileile nikakublok. Stetasi yako ilikuwa kisingizio kizuri, asante. Sauti ya Bibi ukiisikia tu ungejua.

Sasa nisikilize na wewe, umezoea kuandika tu. Wewe umelelewa naye. Mimi nilikuwa mgeni wa likizo. Nikija Masasi, wewe na Bibi kitandani, mimi mkeka chini, nawasikia mnacheka gizani kwa mambo nisiyoyajua. Likizo ikiisha napewa kuku na kuambiwa salamu kwa mama. Nimeolewa, nimezaa, nikasema sasa, sasa na mimi nitakuwa naye. Kaja. Siku ya kwanza nimempa chai, kanywa kidogo, kasema, "Somoe anaweka tangawizi." Nimeweka tangawizi. "Somoe anaisaga." Nimesaga! Nikimtandikia, Somoe. Nikimkuna mgongo, Somoe anajua pa kukuna. Na huwezi kugombana na mtu asiyeona. Unasaga tangawizi tu, basi.

Kila asubuhi anaulizia Mvi. "Hajatoa?" Hajatoa, Bibi. "Hajatoa?" Hajatoa. Siku moja nilikuwa nimechoka, Yunusi kalia usiku kucha, Bibi kauliza, nikasema katoa. Kanishika mkono. Hakutaja jina la mtu yeyote siku hiyo, Somoe. Kutwa nzima. Sasa wewe ungeufuta uongo huo?

Nikimleta Masasi, akafumbua macho kwako, cha kwanza kukiona ni uso wako. Hatarudi.

Sijasema sitamleta.

Rahima


Newala
15 Septemba 2024

Somoe,

Aliyebeba barua hii ni Bibi mwenyewe, ameitia kifuani. Awadhi anamsindikiza mpaka mlangoni kwako, mpe chakula, ana aibu hataomba. Bibi hapendi dirisha wazi. Uji wake uwe mwepesi. Sukari kidogo, hata akidai. Akiamka usiku usiwashe taa ghafla. Wakimfunga bandeji asiiguse, umshike mikono ikibidi.

Anapenda kukunwa chini ya bega la kushoto. Najua unajua.

R.


Mkomaindo
2 Oktoba 2024

Mama Yunusi,

Shikamoo. Umeona nimeandika nini hapo juu? Haya.

Bibi anaona! Wametoa mtoto wa jicho la kulia, la kushoto wamesema wakija tena mwakani, lakini la kulia ni moto. Siku walipofungua bandeji nilikuwa nimejiweka mbele kabisa, nimejipaka poda, nimevaa gauni la Idi. Kanitazama. Nikangoja. Unajua kasema nini? "Mbona umekonda hivyo, na hiyo nguo nani kakushonea?" Halafu, "Yunusi ana sura ya nani?" Nikasema sijui, sijamwona. Kageuza shingo yote akanitazama kwa jicho jipya lile. "Hujamwona? Mtoto wa dada yako? Masasi na Newala ni Ulaya?"

Tangu siku hiyo sina amani. Kumbe ukiwa naye ndivyo! Asubuhi: "Rahima uji wake mwepesi." Nimefanya mwepesi. "Rahima anaukoroga mpaka mwisho." Rahima anakunja kanga hivi, Rahima haachi vyombo, Rahima ana mkono wa kumkanda mtu. Nimecheka. Halafu nimechukia. Halafu nimekoroga uji mpaka mwisho.

Sasa kakaa pembeni yangu hapa, "andika na hili." Naandika kama anavyosema.

Anasema ua jeupe alijua ni uongo palepale. Anasema, "Mwambie nilikuwa kipofu, sikuwa mjinga. Babu yenu alisema mekundu. Lakini mtoto alikuwa ananidanganya kwa huruma, na sauti yake inatetemeka, ningemsuta nipate nini?"

Anasema Awadhi kala vizuri.

Anasema yeye si muhogo, hatutamkata vipande kila mtu apande kwake. Masika atakaa Masasi kwenye mchicha wake, kiangazi Newala kwa Yunusi, na asiyependa aende akatafute bibi mwingine.

Anasema hili shimo mlangoni namngoja nani, watu wavunjike miguu? Kanisimamia nimelifukia. Nimepanda mchicha juu.

Hili la mwisho ni langu: kiangazi ni sasa hivi. Nilidhani atasahau. Keshafunga kapu, kuku kahamishwa, anangoja jibu lako tu. Sijui nitalala vipi kitanda kikubwa hiki tena. Usijibu hapo, nimeandika tu.

Mvi mzima? Yule mdogo niliyekutukana kwa ajili yake, kidonda chake kikoje?

Mdogo wako,
Somoe


Newala
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Somoe,

Marahaba. Nimechelewa kwa makusudi, nilitaka niwe na hakika. Yunusi anatambaa, kala udongo. Awadhi hajambo, anaokota korosho.

Yule mdogo tangu nimkate nilimwonea aibu, sikumpa maji, sikumtazama. Kumbe amenisubiri. Kichwa kilipokatwa pamechomoza viwili, vina nywele tayari, kama vifaranga.

Na Mvi mkubwa ametoa.

Najua utasema naongopa tena, una haki. Lakini si la sahani. Ni mengi, yametoka ubavuni karibu na kichwa, membamba, mekundu ya kuiva, kama pilipili, ulivyoandika. Hayafunguki sana, yanachungulia. Chozi, wale ndege wadogo wa kung'aa, wamejua kabla yangu, ndio walionitoa jikoni kwa kelele.

Nilitaka niite majirani. Mguu ulishavuka kizingiti. Watu hawa niliwaapia Agosti habari ya jeupe! Halafu nikarudi ndani, nikachukua kanga yangu nzuri, ile ya harusi, nikamfunika kichwa mpaka kiunoni. Sasa kutwa naulizwa, "Mama Yunusi, kaktasi kavaa?" Nasema ana baridi. Oktoba hii, jua la kupasua mawe! Mwalimu wa pikipiki kasimama, kanitazama mimi badala ya Mvi, kaondoka. Chozi wanaizunguka kanga wamekasirika, jioni wakizidi nawafunulia pembe moja tu. Awadhi hajaona. Mimi mwenyewe nimeona mara moja nikafumba.

Aone Bibi kwanza, kwa jicho lake. Na wewe. Umemngoja kuliko mimi.

Simu nimekufungulia tangu jana. Usipige. Ukipiga nitakusimulia yalivyo, na sitaki kukusimulia. Fungia kuku kwa Mama Optatus, mbuzi wake ale anachotaka, mpande na Bibi Kosta ya kwanza.

Kitanda changu si kikubwa kama cha huko, ila tutabanana watatu, Bibi katikati. Mkeka nimeshautandika. Ni wa Awadhi.

Dada yako,
Rahima